Hati na Hadithi: Swali la Asili katika Maandishi ya Historia ya Pwani ya Kenya

Utangulizi

Msomaji wa Nairobi anayetaka kuichunguza historia ya wenyeji wa Pwani ya Kenya ana mahali pawili pa kuanzia. Pa kwanza ni jengo la Nyaraka za Taifa katika Barabara ya Moi, katikati ya jiji, ambamo zimehifadhiwa ripoti na barua za maofisa wa utawala wa kikoloni. Pa pili ni maktaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyoko Kileleshwa, upande wa magharibi wa jiji, yenye hazina ya vitabu na majarida ya historia na akiolojia. Mahali pote pawili swali moja hutawala kila panapotajwa Wamijikenda: watu hawa walitoka wapi? Jibu mashuhuri ni Shungwaya, nchi inayosemekana kuwa ilikuwa kaskazini, kati ya Mto Tana na Mto Juba. Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wamebishana iwapo jibu hilo ni la kweli.

Makala haya hayakusudii kuongeza jibu jingine juu ya yale yaliyokwisha kutolewa. Yanakusudia kulihakiki swali lenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la asili, kama linavyojitokeza katika matini za historia ya Pwani, halijapata kuwa swali la kitaaluma tu. Aghalabu huulizwa yule ambaye haki yake ya ardhi imetiwa shakani. Mwenye hati haulizwi. Kwa sababu hiyo, hadithi ya asili haina budi kusomwa kama jibu lililoitwa na muulizaji fulani, na kazi ya mhakiki ni kumrudisha muulizaji huyo ndani ya matini. Katika mjadala huu, hadithi ni masimulizi ya jamii kuhusu chimbuko lake, yawe ya mdomo au ya maandishi. Hati ni maandishi ambayo sheria inayatambua kuwa ithibati ya umiliki.

Muundo wa hadithi ya Shungwaya

Jina Mijikenda, yaani miji tisa, hujumuisha Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana na Wakauma. Jina hili lilienea tangu miaka ya 1940. Kabla yake, watu wa miji ya Pwani, na baada yao wamisionari kama Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, waliwaita Wanyika. Jina hilo la kale lafaa kuzingatiwa na mhakiki, kwa kuwa limebeba hukumu. Nyika ni pori lisilo na mwenyewe. Mtu wa nyika hana mji, na asiye na mji hana shamba la kudai.

Matoleo ya hadithi ya Shungwaya hutofautiana katika mambo mengi, lakini muundo wake haubadiliki sana. Kwanza jamii inakaa pamoja katika nchi ya kaskazini. Pili kunatokea kosa, na katika matoleo mengi kosa hilo ni mauaji ya Mworomo mmoja. Tatu panakuja vita na safari ya kuelekea kusini. Nne jamii inagawanyika njiani. Tano kila kundi linajenga kaya yake katika msitu ulio juu ya kilima, na kuzika humo fingo, yaani kago iliyotoka nayo kwao. Kwa vigezo vya fasihi simulizi hiki ni kisakale kilichokamilika: kina kosa, adhabu, safari na makao mapya. Fingo ndiyo inayounganisha mwanzo na mwisho wa hadithi, kwani huibeba nchi iliyopotea na kuiweka ndani ya udongo wa nchi mpya.

Thamani ya muundo huu huonekana vyema zaidi ukilinganishwa na hadithi ya Kilwa. Katika historia ya kale ya mji huo, iliyohifadhiwa kwa Kiarabu na pia kwa Kireno katika kazi ya João de Barros ya mwaka 1552, mgeni kutoka Shirazi anafika kwa jahazi na kukipata kisiwa kwa kitambaa kinachotosha kukizunguka. Hadithi hiyo, hata ikiwa haielezi tukio lililotukia, inafanya kazi ya hati. Ina muuzaji, mnunuzi, bei na mipaka. Kitambaa chenyewe ndicho kipimo cha kiwanja. Hadithi ya kaya haina mauzo ya namna hiyo. Wanaofika wanawakuta wawindaji waliotangulia, wanaishi nao, wanajifunza msitu kwao. Uhalali wa makao yao umo katika kilichozikwa, haumo katika kilicholipwa. Tofauti hii ilikuja kuwagharimu sana mbele ya mahakama zilizoelewa mauzo na zisizoelewa mazishi.

Kitabu cha Zinji: kuja na kukimbia

Matini ya maandishi inayotajwa mara nyingi katika mjadala wa Shungwaya ni ile iitwayo Kitabu cha Zinji. Imeandikwa kwa Kiarabu. Enrico Cerulli aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiitaliano mwaka 1957, na mwaka 2020 James Ritchie na Sigvard von Sicard waliitolea tafsiri na ufafanuzi mpya kwa Kiingereza. Humo Wakashuri, jina linalofasiriwa kuwa linawahusu Wamijikenda na jirani zao, wanasimuliwa kuwa walikuwa na makao karibu na Mto Juba kabla ya kusukumwa kusini na Waoromo.

Wanahistoria wameisoma matini hii wakitafuta ushahidi wa uhamaji. Mhakiki wa fasihi huona jambo jingine. Katika simulizi hii watu wote wanahama: Waarabu wanavuka bahari, Wakashuri wanavuka mito. Hata hivyo mihamo hii miwili haisimuliwi kwa namna moja. Mhamo wa Waarabu ni wa kuja na kuasisi. Mwisho wake ni miji yenye majina. Mhamo wa Wakashuri ni wa kufukuzwa na kukimbia. Mwisho wake ni kutawanyika. Aliyetoka mbali zaidi ndiye anayesawiriwa kuwa mwenye mji, na aliyetoka karibu ndiye anayesawiriwa kuwa mpita njia. Upangaji huu haukutokana na umbali wala na wakati. Umetokana na mahali aliposimama msimulizi, ambaye anaitazama nyika kutoka katika baraza ya mjini.

Faili na mahakama

Upangaji huo ulipata nguvu ya sheria mwanzoni mwa karne ya 20. Mkataba wa mwaka 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar ulikuwa umeuweka ukanda wa pwani wa maili 10 chini ya utawala wa Waingereza, ukimwachia Sultani enzi ya jina. Mwaka 1908 ilipitishwa Sheria ya Hati za Ardhi iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda huo kulileta mbele ya msajili pamoja na ushahidi. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa mali ya Taji. Waliokuwa na wasia, karatasi za mauzo au mashahidi wa umiliki wa mtu binafsi, wengi wao Waarabu na Waswahili wa mijini, waliweza kupata hati. Waliokuwa na kaya, makaburi na majina ya mababu aghalabu walibaki mikono mitupu. Wajukuu wao wakawa maskwota katika ardhi waliyozaliwa.

Yaliyowapata Wagiriama mwaka 1914 yalifuata mantiki iyo hiyo. Katika karne ya 19 wengi wao walikuwa wamevuka Mto Sabaki na kulima upande wa kaskazini. Serikali iliamua kuwarudisha kusini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa tayari amewaapisha watu wasitii amri za utawala. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola na kupelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Tendo hilo lilikuwa la kijeshi, lakini kwa jicho la mhakiki lilikuwa pia tendo la kufuta maandishi. Kama kaya ndiyo iliyokuwa hati ya Wagiriama, basi serikali iliichana hati hiyo hadharani. Faili zinazosomwa leo katika Barabara ya Moi ziliandikwa na upande uliowasha utambi. Msomaji anayezitumia kutafuta asili ya Wagiriama yampasa akumbuke kwamba waandishi wake walikuwa na sababu ya kuwaona watu hao kuwa wahamiaji.

Mabishano ya wasomi

Baada ya uhuru swali lilihamia katika vyuo vikuu. A. H. J. Prins alikuwa amekwisha kuikubali Shungwaya katika kazi yake ya mwaka 1952. Mwaka 1972 R. F. Morton aliipinga, akidai kuwa masimulizi ya Shungwaya yaliingia miongoni mwa Wamijikenda mwishoni mwa karne ya 19 na kwamba hayakuwa kumbukumbu ya kale. Thomas Spear alimjibu mwaka 1974, kisha mwaka 1978 akachapisha Nairobi kitabu chake The Kaya Complex, ambamo kwa kuhesabu marika anaiweka safari kutoka Shungwaya katika karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Neville Chittick aliandika juu ya suala hilo mwaka 1976. Martin Walsh aliupima upya ushahidi mwaka 1992, na Justin Willis, mwaka 1993, akaonyesha jinsi utambulisho wa Wamijikenda ulivyojengwa katika uhusiano wao na Mombasa. Uchimbuaji wa Richard Helm, uliokamilika kama tasnifu mwaka 2000, ulidhihirisha makazi ya wakulima na wahunzi katika bara ya Mombasa na Kilifi tangu milenia ya kwanza B.K.

Haya ni mafanikio makubwa na si haki kuyabeza. Ni kweli pia kwamba ukweli wa kihistoria una thamani yake. Kama watu waliishi katika vilima vya Kilifi miaka elfu moja kabla ya tarehe inayotajwa na hadithi, wazao wao wana haki ya kulijua jambo hilo. Hata hivyo pande zote za mabishano zimekubaliana kimyakimya juu ya kitu kimoja: kwamba swali linalostahili kuulizwa kuhusu Wamijikenda ni walikotoka. Anayeitetea Shungwaya anawafanya wageni wa karne ya 16. Anayeipinga anawaokoa kutoka katika ugeni huo, lakini kwa kukubali kwanza kwamba walishtakiwa. Katika hali zote mbili mzee wa kaya amesimama kizimbani, na mabadiliko ni ya hukumu tu.

Hadithi yenyewe imeendelea kufanya kazi. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya, maeneo 10 yaliyotawanyika kwa urefu wa kiasi cha kilomita 200, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maelezo ya UNESCO yanasema kuwa kaya hizo zilianza kujengwa tangu karne ya 16. Hivyo karne ile ile iliyopatikana kwa kuhesabu marika imepata muhuri wa kimataifa. Hadithi isiyotosha kumlinda Mgiriama mwaka 1914 imetosha kuulinda msitu mwaka 2008. Linalofaa kuangaliwa ni mpaka wa ulinzi huo: umeufikia msitu uliohamwa, haukulifikia shamba linalolimwa na skwota kando yake.

Waliotangulia

Yamkini msomaji atasema kwamba tatizo lingetatuliwa kwa kumtafuta mwenyeji wa kweli, yaani aliyetangulia wote. Historia ya Waata inatosha kuibomoa dhana hiyo. Waata, ambao jirani zao waliwaita Walangulo au Wasanye, ni wawindaji wanaozungumza lahaja ya Kioromo, waliosifika kwa pinde zao nzito na mishale ya sumu. Kwa kanuni ya utangulizi hao wangekuwa na haki kubwa kupita wote katika nyika iliyo kati ya Sabaki na Tsavo. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nyika hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, na uwindaji wao ukawa ujangili. Kampeni ya kuwasaka majangili ya miaka ya 1956 na 1957 iliwafunga wengi wao. Mpango wa Galana wa mwaka 1960, uliokusudia kuwapa uwindaji halali, haukudumu.

Waaweer wa misitu ya Lamu, waitwao pia Waboni, walipata maisha kama hayo. Misitu yao ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1976, na mwaka uliofuata uwindaji ulipigwa marufuku nchini kote. Hakuna aliyewaambia Waata au Waaweer kwamba ni wageni. Walikubaliwa kuwa wa kwanza, kisha wakanyimwa kwa sababu nyingine. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba asili siyo iliyoamua. Ingekuwa ndiyo kigezo, aliyetangulia angeshinda. Anapochelewa mtu huambiwa kuwa alikuja juzi. Anapotangulia huambiwa kuwa hakulima, hakujenga, hakuandika.

Akiolojia nayo haiwezi kuwa hakimu wa shauri hili. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, yapata miaka 78,000 iliyopita. Mabaki hayo yalibebwa ndani ya plasta hadi Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kabla ya kuchunguzwa zaidi nchini Uhispania. Mtoto huyo alilazwa kwa uangalifu, na ni ithibati kwamba watu waliwazika wafu wao katika Pwani hii tangu kale isiyohesabika kwa marika. Lakini hakuna jamii ya leo inayoweza kumdai peke yake mbele ya msajili wa ardhi. Kadiri chimbuko linavyosogezwa nyuma, ndivyo linavyokuwa la watu wote.

Jiji lisiloulizwa

Mabishano ya asili ya watu wa Pwani yamehifadhiwa na kuendelezwa kwa kiasi kikubwa katika jiji ambalo halijiulizi swali hilo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, katika malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika nchi zao za Bonde la Ufa, na vitongoji vya magharibi mwa jiji, Kileleshwa na Lavington vikiwemo, vilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Leo viwanja vya huko hubadilishwa mikono kwa hati zinazosajiliwa chini ya mamlaka ya wizara iliyoko Ardhi House, kando ya Barabara ya Ngong. Mnunuzi wa kiwanja cha Lavington huulizwa nambari ya kiwanja na risiti ya ushuru. Haulizwi mababu zake walivuka mto gani, wala msitu gani walizika fingo.

Kutoka Nyaraka za Taifa hadi Ardhi House ni mwendo wa kilomita chache tu. Katika jengo la kwanza wenyeji wa Pwani wana hadithi nyingi mno. Katika la pili wengi wao hawana karatasi. Mhakiki anayeyasoma maandishi ya jengo la kwanza bila kulikumbuka la pili anakosa muktadha unaoyapa maana.

Swali jingine: Walenisi

Je, fasihi ya Kiswahili imeweza kuliuliza swali kwa namna nyingine? Katama Mkangi, mwanasosholojia mzaliwa wa Pwani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alijaribu kufanya hivyo katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995. Dzombo, mhusika mkuu mwenye jina la Kimijikenda, anahukumiwa na jamii dhalimu na kurushwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie. Anaokoka na kufika katika nchi ya Walenisi, jina ambalo likitenganishwa ni wale ni sisi.

Wahakiki wameisoma riwaya hii zaidi kama dira ya jamii ya usawa. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujaumaliza utamu wake. Ukiiweka riwaya kando ya hadithi ya Shungwaya, unaona muundo ule ule umepinduliwa. Kuna kosa, ijapokuwa hapa kosa ni la mahakama na si la mtuhumiwa. Kuna adhabu, safari na makao mapya. Linalokosekana ni shauri la ugeni: wenyeji hawamfanyii Dzombo hesabu ya mababu kabla ya kumpa mahali. Jina la nchi limekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa. Udhaifu wa riwaya ni kwamba jibu hilo linapatikana katika ulimwengu mwingine, mahali pasipo na msajili wala maili 10. Mkangi ameuonyesha mlango bila kuonyesha njia ya kuufikia kutoka Kaloleni au Kwale. Hata hivyo amefanya ambalo wanahistoria hawakulifanya: amekataa kusimama kizimbani.

Hitimisho

Uchambuzi huu una matokeo katika utafiti wa nyanjani. Mwanafunzi wa uzamili anayetoka Nairobi kwenda Rabai au Chonyi na kinasa sauti, na kuwauliza wazee walitoka wapi, hachoti maji katika kisima kilichotulia. Anayemjibu anajua kwamba swali hilo limewahi kuulizwa na msajili, na ofisa wa wilaya, na kamati ya ardhi, na kwamba kila mara jibu lake lilikuwa na matokeo. Tangu Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 kuitambua ardhi ya jamii, matokeo hayo yamezidi kuwa mazito. Uamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, mjini Arusha, uliowapa ushindi Waogiek mwaka 2017, umeonyesha kuwa masimulizi ya jamii yanaweza kusikilizwa kama ushahidi.

Kwa hiyo tasnifu inayonukuu hadithi ya asili inapaswa kunukuu na swali lililoizaa: lilivyoulizwa, na nani, mwaka gani, ardhi ipi ikibishaniwa. Bila hayo, hadithi hubaki kama maungamo yaliyochapwa yakafutwa jina la mpelelezi. Mzee anayeijibu Shungwaya leo huenda anakumbuka, na huenda anajitetea. Mara nyingi anafanya yote mawili kwa sentensi moja. Uhakiki utakaoweza kuzisikia sauti hizo mbili kwa pamoja utakuwa umeitendea haki fasihi simulizi ya Pwani, na umewatendea haki pia watu walioitunga.